Namna ya Kuitembelea Civita di Bagnoregio, Mji Mdogo Unaomegeka Juu ya Kilima

Civita di Bagnoregio, katika mkoa wa Lazio nchini Italia, ni mji ambao mwenye haraka anaumaliza kwa nusu saa. Unaingia langoni, unafuata kichochoro kimoja, unatokea uwanjani, unachungulia kanisa, na hatua chache baadaye tayari bonde liko miguuni pako. Mji wote una urefu wa takribani mita 150 na upana wa mita 90. Wakazi wa kudumu hawajazi hata meza mbili za mgahawa. Wageni wengi hutoka Roma asubuhi, wakafika saa sita mchana wakati kila mtu amefika, wakapiga picha wakirushiana viwiko, kisha wakarudi wakilalamika kwamba picha za mtandaoni zilipendeza kuliko penyewe.

Safari hii inataka saa nzuri na mpangilio mzuri. Mpangilio ninaoupendekeza ni huu: anza na udongo, nyumba zifuate. Ukishaelewa kwa nini kilima kinamegeka, kila ukuta utakaoupita utakusimulia jambo.

1. Maliza karatasi mapema

Hapa nitapita haraka. Mwenye pasipoti ya Tanzania, Kenya, Uganda, Rwanda, Burundi au Kongo anahitaji viza ya Schengen, yaani viza moja ya kuingia nchi nyingi za Ulaya. Ada kwa mtu mzima ni yuro 90 tangu Juni 2024. Maombi yanapokelewa kuanzia miezi sita kabla ya safari hadi siku 15 kabla, lakini usikubali kufika karibu na hizo 15. Bima ya safari iwe na kinga isiyopungua yuro 30,000. Ndugu zetu walioko Oman, Dubai au Uingereza wakumbuke kwamba kibali cha ukaazi cha huko hakiwaondolei viza hii. Kinachoangaliwa ni pasipoti. Aliye na kibali cha ukaazi cha nchi ya Schengen, kama Ujerumani au Sweden, yeye apande tu treni.

2. Chagua siku, na hasa chagua saa

Siku nzuri ni kati ya Jumanne na Alhamisi, nje ya Julai na Agosti. Jumapili iepuke kwa sababu mbili. Ya kwanza ni umati: Waitaliano wenyewe hutoka na familia zao siku hiyo. Ya pili ni basi la kutoka Orvieto, mji utakaposhukia treni, ambalo Jumapili na sikukuu halifanyi safari. Tarehe 15 Agosti, sikukuu kubwa ya kiangazi, usijaribu kabisa.

Kuna Jumapili mbili tu ninazoziruhusu, ila uwe na gari au ulale karibu: Jumapili ya kwanza ya Juni na ya pili ya Septemba. Siku hizo hufanyika Tonna, mashindano ya punda kuuzunguka uwanja wa kanisa. Aliyewahi kuona punda wakikimbizwa Lamu wakati wa Maulidi atajihisi nyumbani, maana punda wa Italia naye akikataa kwenda, amekataa, na watu wanamcheka mpandaji wake kwa sauti ileile.

Kuhusu saa, kuna madirisha mawili: kabla ya saa nne asubuhi, au baada ya saa kumi na moja jioni wageni wa siku moja wanapoanza kuondoka. Ukiweza kulala Bagnoregio, mji jirani ulio ng'ambo ya daraja la Civita, au ndani ya Civita kwenyewe, utayapata yote mawili, na kwa maoni yangu hapo ndipo pesa yako ifanye kazi, hata ikibidi ujinyime kitu kingine Roma. Vyumba vya ndani ni vichache, hivyo viwekwe mapema. Mwishoni mwa vuli na wakati wa baridi ukungu hujaa bondeni asubuhi, na mji huonekana umeelea peke yake juu ya mawingu. Huwezi kuuagiza ukungu huo, lakini aliyelala hapo ana nafasi kubwa kuliko anayesubiri basi Orvieto.

3. Roma hadi Orvieto kwa treni

Civita iko takribani kilomita 120 kaskazini mwa Roma. Hakuna treni inayofika huko. Utapanda treni kutoka Roma Termini hadi Orvieto, saa moja na robo hivi. Chukua treni ya mikoani, inayoitwa *regionale*: bei yake ni ileile ukinunua leo au mwezi mmoja kabla, kwa hiyo huna sababu ya kukimbilia kununua.

Mambo mawili huwagharimu wageni. Tiketi ya karatasi lazima uigonge kwenye kimashine kilichopo kituoni kabla hujapanda. Mkaguzi akiikuta haijagongwa, faini unayo, na kusema "sikujua" hakusaidii. Ukinunua kwa simu, fuata maelekezo ya kuithibitisha tiketi kabla ya kupanda. Pia ratiba zao husoma saa 24: 14:00 ni saa nane mchana, si vinginevyo. Wapo waliozoea saa za Kiswahili waliowahi kujichanganya hapo, na basi halirudi nyuma kumchukua mtu.

4. Orvieto hadi Bagnoregio kwa basi

Basi ni la kampuni ya mkoa iitwayo Cotral, na husimama kituo cha treni cha Orvieto pamoja na Piazza Cahen, juu mjini. Mwendo ni chini ya saa moja. Tatizo ni kwamba mabasi ni machache kwa siku, na mengine yamepangwa kwa ajili ya wanafunzi. Kwenye ratiba utaona neno *feriale*, yaani siku za kazi, Jumatatu hadi Jumamosi. *Festivo* ni Jumapili na sikukuu. *Scolastico* ni siku za shule tu. Safari yenye alama ya shule haipo wakati wa likizo, hata kama saa yake imeandikwa kwa wino mweusi mbele yako.

Kwa hiyo panga safari kuanzia mwisho. Tafuta kwanza basi la mwisho la kurudi Orvieto siku hiyo, liandike mahali utakapoliona, kisha hesabu kurudi nyuma. Tiketi inunue kabla ya kupanda, kwenye duka la sigara au la magazeti, na nunua ya kwenda na ya kurudi kwa pamoja, kwa sababu maduka ya Bagnoregio hufungwa mchana watu wakienda kula.

Mkiwa wanne, gari la kukodi linaweza kuwa nafuu na linawapa uhuru wa jioni. Gari utaliacha Bagnoregio kwenye maegesho ya kulipia. Ndani ya Civita magari hayaingii.

5. Pita Bagnoregio kwa miguu, usipande gari dogo la wageni

Kutoka kituo cha basi hadi darajani ni karibu kilomita mbili, barabara moja iliyonyooka inayopita katikati ya Bagnoregio. Kipo kigari cha kubeba wageni, na mwenye mzee au mtoto mdogo akitumie. Mwenye miguu atembee, kwa sababu Bagnoregio ndiyo nusu ya pili ya kisa.

Zamani mji mkuu ulikuwa Civita, na hapa palikuwa kitongoji chake kilichoitwa Rota. Tarehe 11 Juni 1695 tetemeko la ardhi likapasua njia iliyounganisha pande mbili na kubomoa nyumba nyingi. Askofu na utawala wa mji wakahamia huku, na wenye uwezo wakawafuata. Watu unaowapita wakinywa kahawa barazani, wengine mababu zao walitoka ng'ambo ile.

Ingia kanisa la Mtakatifu Nikola, lililochukua hadhi ya kanisa kuu baada ya Civita kupoteza yake. Humo mnatunzwa masalia ya mkono wa Mtakatifu Bonaventura. Jina hilo Wakatoliki wa kwetu wanalijua. Tanzania, Kongo, Rwanda na Burundi hukosi Bonaventura au Bonaventure parokiani. Mwenyewe alizaliwa Civita mwanzoni mwa karne ya 13, akiitwa Giovanni di Fidanza. Mwaka 1257 alikuwa mkuu wa shirika la Wafransisko, mwaka 1273 akafanywa kardinali, na akafariki Lyon, Ufaransa, mwaka uliofuata, mtaguso (mkutano mkuu wa Kanisa) ukiendelea. Nyumba yake utaitafuta ukifika upande wa pili.

Kabla hujaondoka Bagnoregio, nenda chooni na ujaze chupa ya maji. Ni ushauri mdogo, ila darajani utanishukuru.

6. Simama kwenye roshani ya kutazamia, usome kilima

Mwisho wa barabara kuna mahali pa kutazamia, *belvedere*. Watu hufika, hupiga picha, huondoka. Wewe kaa robo saa.

Tazama chini kabisa ya kilima, penye rangi ya kijivu. Huo ni udongo mfinyanzi, ulioachwa na bahari iliyofunika eneo hili zamani sana. Sasa inua macho hadi mahali ambapo mteremko unageuka kuwa ukuta wa rangi ya kahawia ya dhahabu. Hilo ni jiwe la volkeno, tufo, lililotokana na majivu na mawe ya moto kutoka volkeno za upande wa Ziwa Bolsena. Tufo ni laini kuchongeka na lina nguvu ya kutosha kubeba nyumba. Ndiyo sababu Waetruski, watu wa kale wa Italia ya kati, walijenga hapa miaka kama 2,500 iliyopita, kabla ya Roma kuwa dola.

Kosa liko chini. Mvua na vijito viwili, Rio Chiaro na Rio Torbido, huula ule mfinyanzi. Mfinyanzi ukiondoka, jiwe la juu linabaki likining'inia, linapata ufa, na siku moja kipande kinaanguka na kilichokuwa juu yake: bustani, zizi, chumba cha kulala. Matuta makali ya kijivu unayoyaona kote bondeni, *calanchi*, ni mabaki ya kazi hiyohiyo. Zamani kulikuwa na mgongo wa ardhi kutoka hapa uliposimama hadi kule langoni, na watu walipita na punda wao. Leo ni hewa tupu.

Bonaventura Tecchi, mwandishi mzaliwa wa Bagnoregio, ndiye aliyeuita mji huu "mji unaokufa", na jina likaganda. Wenyeji siku hizi hawalipendi sana jina hilo. Vibao vya utalii vinalipenda mno.

7. Lipa, kisha vuka daraja

Daraja lililotangulia lililipuliwa na majeshi ya Ujerumani yakirudi nyuma mwaka 1944. Hili la sasa, la zege na la waenda kwa miguu, lilijengwa mwaka 1965. Lina urefu wa takribani mita 300. Mwanzo wake ni tambarare. Mwisho wake unapanda kiasi cha kumfanya mtu mzima anyamaze. Hakuna kivuli. Kiangazi vaa kofia. Majira ya baridi vaa koti linalozuia upepo, kwa maana upepo wa bondeni hauna pa kugonga ila wewe. Anayeogopa urefu atembee katikati na aangalie lango, asiangalie pembeni.

Kiingilio ni yuro 5. Kilianza mwaka 2013 kwa yuro 1.50, na watu walipiga kelele kwamba haijapata kuonekana mji kulipisha mtu mlangoni. Kelele hizo ndizo zilizoutangaza. Wageni wakaongezeka kutoka makumi ya maelfu kwa mwaka hadi mamia ya maelfu, na Bagnoregio ikaweza kuwafutia wakazi wake kodi za manispaa. Binafsi sioni ubaya wa kulipa. Zege, mifereji na nguzo za kushikilia kilima hazijilipii. Kinachonisumbua ni kwamba fedha ya mgeni ndiyo inayoufanya mji ubaki umesimama, na umati wa mgeni huyohuyo ndio unaomfukuza mkazi wa mwisho.

Hakikisha viatu vina soli isiyoteleza. Ukilala ndani, beba mkoba wa mgongoni. Sanduku la magurudumu utalisukuma ukipanda, utalizuia ukishuka, na mtaa mzima utajua umefika.

8. Lango, uwanja na kanisa

Lango linaitwa Porta Santa Maria. Njia yake ilichongwa kwenye mwamba na Waetruski, na upinde wake ni wa Zama za Kati. Simama pembeni usizibe njia, utazame juu: kuna simba wawili wa mawe, kila mmoja ameshika kichwa cha mtu kwa makucha. Ni kumbukumbu ya siku watu wa Bagnoregio walipoasi dhidi ya familia ya Monaldeschi, watawala wa Orvieto.

Ukishaingia, tafuta ukuta mzuri wa jumba la kifahari wenye madirisha yasiyo na chumba nyuma yake. Ukichungulia, unaona anga. Jumba lilikwenda bondeni, uso wake ukabaki. Kwangu mimi hapa ndipo mahali pa maana kuliko pote Civita, na watu wengi hupita wakidhani ni ukuta wa bustani.

Uwanja mkuu hauna lami wala mawe ya kutandika. Ni changarawe na udongo, na ndiyo njia ya mbio za wale punda. Mbele ya kanisa la San Donato kuna vipande vya nguzo za Kirumi. Kanisa lenyewe lilikuwa kanisa kuu hadi baada ya tetemeko. Ndani mna msalaba wa mbao wa karne ya 15, ambao wazee husimulia kwamba ulizungumza na mwanamke mcha Mungu wakati wa tauni ya mwaka 1499. Kila Ijumaa Kuu sanamu ya Kristo hushushwa, hulazwa kwenye jeneza na kubebwa kuvuka daraja hadi kwenye maandamano ya Bagnoregio. Inasemwa lazima irudi kabla ya saa sita usiku, la sivyo itabaki ng'ambo daima. Baada ya kupoteza askofu, halmashauri na watu, unaelewa kwa nini wana macho makali na saa.

Mabega na magoti yafunikwe kanisani. Kanga moja kwenye mkoba inatatua jambo hilo, na ni ya kukalia pia.

Palepale uwanjani, ndani ya Palazzo Alemanni, kuna makumbusho ya jiolojia na maporomoko ya ardhi, yaliyofunguliwa mwaka 2012. Ni madogo na hayafunguliwi kila siku, kwa hiyo angalia ratiba kabla. Ukiyakuta wazi, ingia. Yale uliyoyasoma kwa macho kule kwenye roshani utayaona yameelezwa kwa michoro, na namna wahandisi wanavyojaribu kukishikilia kilima.

9. Nenda hadi ukingoni

Kundi kubwa huishia uwanjani. Wewe endelea na njia hadi upande wa pili, inapoanza kushuka. Njiani ndipo utakapoona kibao cha mahali ilipokuwa nyumba ya Mtakatifu Bonaventura. Nyumba ilianguka, kibao kipo.

Mbele, njia inapita kwenye mapango yaliyochongwa na Waetruski. Moja ni kikanisa cha Madonna del Carcere, Bikira Maria wa Gereza: linasadikiwa kuwa lilianza kama kaburi, likawa gereza, kisha mahali pa sala. Chini zaidi kuna Bucaione, handaki linalotoboa kilima na kutokea kwenye bonde. Njia za huku hufungwa baada ya mvua au ardhi ikicheza. Ukikuta kizuizi, kiheshimu, hata kama mwenzako wa mbele amekiruka. Ukiteleza kule kwenye mfinyanzi uliolowa, hakuna cha kushikilia.

Nyumba zenye maua mlangoni ni nyumba za watu. Usikae kwenye ngazi zao wala usisukume geti lililorudishiwa. Paka wamezoea wageni; ukiwa na hamu ya kupiga picha, wapige wao.

10. Kula

Chakula cha hapa ni cha shambani: mkate uliobanikwa kwa kuni, ukasuguliwa kitunguu saumu na kumiminiwa mafuta ya zeituni. Zeituni zilisagwa mapangoni kwa jiwe la kuzungushwa na mnyama, na mashine hizo za kale bado zinaonyeshwa. Agiza huo mkate hata kama huna njaa.

Kwa Waislamu, tahadhari iko hivi. *Cinghiale*, nyama inayosifiwa sana eneo hili, ni nguruwe mwitu. *Guanciale*, *prosciutto*, *porchetta* na *salsiccia* vyote ni nguruwe. Mchuzi wa nyanya unaoonekana hauna neno huweza kuwa umeanzia kwenye mafuta yake, kwa hiyo uliza, *senza maiale?* Salama zaidi ni supu ya dengu au ya njegere, tambi kwa nyanya na kitunguu saumu, tambi kwa uyoga, au *coregone*, samaki wa Ziwa Bolsena. Kwenye bili unaweza kuona *coperto*, malipo ya kukaa mezani. Si wizi, ni desturi yao, na hulazimiki kuongeza bakshishi juu yake.

Meza za uwanjani mchana ni ghali na hujaa. Wanaobana matumizi hununua mkate, jibini na matunda Bagnoregio, wakala kule kwenye roshani ya kutazamia.

11. Kurudi

Toka langoni saa moja na nusu kabla ya basi lako. Inatosha kuvuka daraja, kutembea zile kilomita mbili bila kuhema, na kusubiri kidogo. Jioni Bagnoregio haina teksi zilizopangana barabarani. Ukikosa basi la mwisho, unatafuta chumba au unalipa gari maalumu hadi Orvieto.

Ukifika Orvieto na bado kuna mwanga, usikae kituoni. Panda gari la kamba hadi Piazza Cahen; pembeni yake kuna kisima cha San Patrizio, chenye kina cha mita 53, kilichoanza kuchimbwa mwaka 1527 kwa amri ya Papa Klementi wa Saba. Kina ngazi mbili za mzunguko zisizokutana, moja ya nyumbu wa kushuka na moja ya wa kupanda, kila moja ikiwa na vidato 248. Magoti yakiwa yamechoka na daraja, nenda tu ukautazame uso wa kanisa kuu, lililoanza kujengwa mwaka 1290. Treni za kurudi Roma zipo hadi usiku, ila gari la kamba huacha kazi mapema zaidi, kwa hiyo soma saa yake ya mwisho kabla hujapanda juu.